Wiki sita za Taimyr zinazoamua idadi ya ndege wa pwani yetu

Mwezi Juni, kusi likishashika, makundi makubwa ya vitwitwi huwa yamekwisha kuondoka katika hori la Mida, karibu na Watamu kwenye pwani ya Kenya. Wanaobaki ni wachache. Maji yakipwa huonekana wakikimbia juu ya tope na kudonoa minyoo na konokono wadogo, rangi yao ya kijivu ikiwa ileile waliyokuwa nayo Desemba. Mpita njia anaweza kudhani ni wagonjwa walioshindwa na safari. Wengi wao ni wazima kabisa. Ni ndege walioanguliwa mwaka uliotangulia, hawajafikia umri wa kuzaa, na kwa hiyo hawana kinachowaita kaskazini.

Kwa anayewajua, kundi hilo dogo ni ripoti. Vijana hao wakiwa wengi, maana yake Julai ya mwaka uliopita mambo yalikwenda vizuri katika rasi ya Taimyr, kaskazini kabisa mwa Siberia. Wakikosekana, mayai na makinda ya mwaka huo viliishia matumboni mwa mbweha. Na mwenye sauti kubwa katika jambo hilo ni mnyama ambaye hajawahi kuiona Bahari ya Hindi: lemingi, mgugunaji mnene mwenye mkia mfupi, ambaye anaenea kwenye kiganja cha mkono.

Safari ya gramu sitini

Ndege anayehusika zaidi katika habari hii ni kitwitwi mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo kuelekea chini, anayejulikana kwa wanasayansi kama Calidris ferruginea. Uzito wake wa kawaida ni gramu 50 hadi 60. Kuanzia Machi huanza kula kwa pupa na kujaza mafuta chini ya ngozi, huku manyoya yake ya kijivu yakibadilika kuwa mekundu ya rangi ya tofali. Mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei huondoka. Kutoka Watamu hadi Taimyr ni takriban kilomita 9,000, na njiani hushuka kula na kupumzika kwenye maziwa na mabwawa ya upande wa Bahari ya Kaspi na Kazakhstan.

Hayuko peke yake. Kitwitwi mdogo, Calidris minuta, mwenye uzito usiofika nusu ya huo, naye huzaa kwenye tundra za Urusi, zile nyika baridi zisizo na miti. Ndivyo ilivyo kwa baadhi ya ndege wanaosimama kwa maelfu kwenye tope la Barr Al Hikman, pwani ya Oman. Kilicho kigumu kueleweka ni kwa nini kiumbe mwenye chakula cha kutosha katika nchi yenye joto aiache na kwenda kutaga mayai mahali ambapo theluji inaweza kuanguka hata Julai.

Jibu lina sehemu tatu. Ya kwanza ni mwanga. Taimyr ya kati iko kwenye latitudo ya 74 kaskazini, na jua halizami huko tangu mapema Mei hadi mapema Agosti. Kinda anaweza kula saa yoyote kati ya 24 za siku.

Ya pili ni wadudu. Chini ya tundra ardhi imeganda mwaka baada ya mwaka. Joto la kiangazi huyeyusha tabaka la juu tu, na kwa kuwa maji ya theluji hayana pa kuzama, nchi nzima hugeuka vidimbwi na matope. Humo mabuu ya mbu na wadudu wengine wenye mbawa hukua, kisha hutoka karibu wote kwa pamoja katika siku chache za Julai. Reindia, jamii ya kulungu wa kaskazini, hulazimika kukimbilia ufukweni kwenye upepo au kusimama juu ya mabaka ya theluji ili kuwakwepa mbu hao. Kwa kitwitwi, mbu hao ni karamu.

Ya tatu ni usalama. Mwaka 2010 watafiti wa Kanada wakiongozwa na Laura McKinnon walichapisha matokeo ya jaribio lililoenea umbali wa nyuzi 29 za latitudo. Waliweka viota bandia vyenye mayai ya kware, kisha wakahesabu vilivyoporwa. Kadiri walivyokwenda kaskazini ndivyo hatari ilivyopungua, na tofauti kati ya kusini na kaskazini ya eneo hilo ilikuwa asilimia 65. Mwendo mrefu, kwa wastani, hulipwa kwa mayai mengi zaidi kufika mwisho. Lakini wastani huo unaficha tofauti kubwa ya mwaka mmoja na mwingine, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha habari hii.

Ratiba isiyo na nafasi ya kukosea

Vitwitwi hufika Taimyr katika nusu ya kwanza ya Juni, wakati sehemu kubwa ya ardhi bado imefunikwa na theluji. Hawana mierebi ya kujificha, maana mierebi ya huko ni mimea inayotambaa, mingi haipiti kifundo cha mguu. Wanachotafuta ni vipande vya ardhi vilivyoanza kuonekana.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba ndege hawa hubeba kutoka kusini akiba ya kutengenezea mayai. Mwaka 2001 Marcel Klaassen na wenzake walipima kemikali katika mayai na manyoya ya kwanza ya makinda ya ndege wa jamii hii, wakaona kwamba mayai yametengenezwa kwa chakula cha tundra yenyewe. Maana yake ni kwamba jike hawezi kutaga kabla ardhi haijafunguka na kumpa chakula. Theluji ikichelewa kwa siku kumi, mayai nayo huchelewa.

Jike wa kitwitwi mwenye mdomo uliopinda hutaga mayai manne, nayo yakikusanywa hulingana karibu na uzito wake mwenyewe. Dume hana kazi baada ya hapo. Mapema Julai madume huanza kuondoka, na ndio huwa wa kwanza kuonekana tena kwenye pwani za kusini. Jike huatamia peke yake kwa takriban siku 20. Kitwitwi mdogo ana mpango mwingine kabisa: jike huweza kutaga mara mbili mfululizo, seti moja ikaatamiwa na dume na nyingine na yeye mwenyewe, kila mzazi akilea peke yake.

Kinda hutoka kwenye yai akiwa na manyoya laini, na baada ya saa chache tu anakimbia na kujitafutia chakula. Mama hamlishi, anachompa ni ulinzi na joto. Katika siku zake za kwanza mwili wake hauwezi kujipasha joto vya kutosha, hivyo hula kidogo, akarudi chini ya tumbo la mama, akatoka tena. Siku ya upepo na mvua ya barafu humpiga mara mbili: anahitaji kupashwa joto muda mrefu zaidi, na muda mfupi uliobaki wa kula haukuti wadudu, kwa kuwa nao baridi imewafanya wajifiche. Siku mbili tatu za namna hiyo katikati ya Julai hutosha kuua makinda ya bonde zima.

Wanaopona huanza kuruka baada ya wiki mbili hadi tatu. Tangu yai la kwanza hadi hapo ni wiki sita hivi. Mama naye huondoka. Vijana hubaki wakinenepa, kisha hushika njia ya Afrika bila mzazi wa kuwaongoza, na hufika pwani yetu kuanzia Septemba, wiki kadhaa baada ya wakubwa.

Anayelindwa na chakula cha adui

Hata hali ya hewa ikiwa nzuri, bado kuna mbweha wa Aktiki, na kuna skua, ndege wa baharini mwenye mwendo wa mwewe. Hapa ndipo lemingi anapoingia.

Lemingi halali usingizi mrefu wakati wa baridi. Hewa ya juu ikifika nyuzi 40 chini ya sifuri, yeye yuko kwenye mahandaki kati ya ardhi na theluji, mahali ambapo baridi si kali, akila majani na shina changa. Humo humo huzaa. Mimba yake ni ya wiki tatu hivi, na watoto nao huanza kuzaa mapema. Katika mwaka wa uchache unaweza kutembea hekta nzima usikute hata mmoja. Mwaka wa kilele wanaweza kufika makumi, na mahali pengine zaidi ya 100 kwa hekta. Kilele hicho hufuatwa na anguko. Katika Taimyr mzunguko huu umezoeleka kuchukua takriban miaka mitatu.

Mwaka wa kilele, kila mla nyama hushiba. Mbweha jike anaweza kuzaa zaidi ya watoto kumi kwa uzao mmoja. Bundi weupe, ambao katika mwaka wa njaa hawatagi kabisa, hutaga mayai saba, tisa, hata kumi na moja. Skua hukaa na kuzaa. Viota vya vitwitwi vimejaa kila upande, lakini mbweha ana lemingi wa kutosha hatua tatu kutoka tundu lake, hana haja ya kutafuta mayai.

Mwaka unaofuata ndio wenye balaa. Lemingi wameanguka, mbweha ni wengi kuliko kawaida, na wana njaa. Hupita tundra kiota kwa kiota. Jike wa kitwitwi huweza kujifanya amevunjika bawa ili kumvuta adui mbali na mayai, na mbinu hiyo hufaulu kwa mbweha mmoja wa siku moja. Haifui dafu mbele ya mbweha wanaopita kila siku, mchana na usiku, mahali ambapo usiku wenyewe hauna giza.

Bata bukini nao wamejipanga kulingana na hali hiyo. Baadhi ya bata bukini weusi wanaozaa Taimyr hujenga viota karibu na kiota cha bundi mweupe, na bata bukini wenye kifua chekundu hupenda jirani ya kozi. Bundi na kozi hawavumilii mbweha karibu na makinda yao. Wanapomfukuza huwakinga majirani pia. Jirani huyo mkali ana makucha yanayoweza kumdhuru hata bata, lakini mbweha ni hatari kubwa zaidi. Na mwaka ambao lemingi hawapo, bundi hatagi, na ulinzi huo hautolewi.

Hesabu iliyofanyika mbali na theluji

Uhusiano huu uligunduliwa kwa sehemu kubwa na watu waliokuwa maelfu ya kilomita kutoka Taimyr, wakati ambapo mgeni kufika huko ilikuwa vigumu mno. Mwaka 1979 mtafiti wa Uholanzi, Kees Roselaar, alieleza kwamba idadi ya vitwitwi vijana wanaopita Ulaya hupanda na kushuka pamoja na lemingi. Mwaka 1987 Ron Summers na Les Underhill walichapisha hesabu iliyounganisha mabara mawili: uwiano wa vijana katika makundi ya bata bukini weusi, wanaokaa Ulaya Magharibi wakati wa baridi, na uwiano wa vijana kati ya vitwitwi wa Afrika Kusini. Ndege hao wawili hawakutani hata kidogo baada ya kuondoka kaskazini. Hata hivyo miaka yao mizuri ilikuwa ileile, na mibaya ileile. Kwa bata bukini, vijana huweza kuwa theluthi moja ya kundi au zaidi baada ya mwaka mzuri. Baada ya mwaka mbaya hukaribia sifuri.

Milango ya Siberia ilipofunguka, Underhill na wenzake wa Urusi walifanya utafiti katika ziwa Pronchishcheva, kaskazini mashariki mwa Taimyr, mwaka 1991 lemingi wakiwa kileleni, na tena mwaka 1992 wakiwa wanapungua. Walichokuwa wamekikisia kutoka kwenye tope la Afrika sasa kilionekana kwa macho.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, Mikhail Soloviev na Pavel Tomkovich wa Moscow wamekusanya taarifa kutoka sehemu mbalimbali za Aktiki: theluji iliyeyuka lini, lemingi ni wangapi, mbweha wameonekana kiasi gani, viota vimefaulu au la. Kazi ya namna hiyo inahitaji mikono ya nchi nyingi, na tangu vita vya Ukraine vilipopamba moto mwaka 2022, ushirikiano mkubwa wa kisayansi kati ya Urusi na nchi za Magharibi katika Aktiki umesimama.

Joto linapovuruga kalenda

Tangu mwaka 1979 Aktiki imepata joto kwa kasi inayokaribia mara nne ya wastani wa dunia. Msomaji anaweza kusema: basi afadhali, makinda hayatakufa kwa baridi. Mambo hayajawa mepesi hivyo.

Theluji inapoyeyuka mapema, wadudu nao hutoka mapema. Ndege aliyeko Mida hana njia ya kujua hilo. Yeye huondoka kwa kufuata urefu wa siku na saa ya mwili wake. Akifika, mavuno ya wadudu yanaweza kuwa yamekaribia kupita kabla makinda yake hayajaanguliwa. Athari yake ilipimwa kwa ndege wa ukoo huohuo, Calidris canutus, wanaozaa Taimyr na kukaa Banc d'Arguin nchini Mauritania. Mwaka 2016 Jan van Gils na wenzake walionyesha kwamba kwa miaka 33 theluji ya huko ilikuwa ikitoweka mapema zaidi, kwa wastani wa nusu siku kila mwaka. Vijana walioanguliwa katika miaka ya joto walikuwa na miili midogo na midomo mifupi. Walipofika Mauritania, mdomo mfupi haukuwafikisha kwenye chaza bora waliofukiwa chini ya mchanga, na wengi wao hawakuishi muda mrefu. Chakula kilikosekana Siberia, kifo kikatokea Afrika.

Joto huleta pia mvua katikati ya majira ya baridi. Maji hayo huganda na kufunika ardhi kwa barafu ngumu. Novemba 2013, katika rasi ya Yamal magharibi mwa Taimyr, barafu ya aina hiyo iliwafungia malisho reindia wa wafugaji Wanenets, na wapatao 61,000 wakafa kwa njaa. Lemingi naye, ambaye anaihitaji theluji kavu na laini juu ya kichwa chake, hupoteza nyumba na chakula kwa pamoja. Kaskazini mashariki mwa Greenland mzunguko wa lemingi ulififia karibu na mwaka 2000. Vilele vya zamani havikurudi kwa miaka mingi, na bundi weupe wakakaribia kuacha kuzaa kabisa katika maeneo hayo.

Huko huko Greenland, kituo cha utafiti cha Zackenberg kilishuhudia mwaka 2018 jambo la kinyume: theluji nyingi kupita kiasi, iliyokaa hadi katikati ya kiangazi. Mimea haikuchanua kwa wakati, wadudu walikuwa haba, na karibu kila aina ya ndege na wanyama waliokuwa wakifuatiliwa ilishindwa kuzaa. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, na mvuke huo unaweza kushuka kama theluji. Kwa hiyo ndege wa Aktiki wanakabiliwa na miaka inayowahi sana na miaka inayochelewa sana, wakati maisha yao yamepangwa kwa miaka inayofanana.

Kama mbweha na skua wanakula mayai mengi zaidi sasa kuliko zamani ni suala ambalo bado lina mabishano. Uchambuzi wa Vojtěch Kubelka na wenzake wa mwaka 2018 ulisema uporaji wa viota katika Aktiki umeongezeka sana. Mwaka uliofuata Martin Bulla na wengine waliupinga, wakisema njia za kukusanya takwimu zilikuwa zimebadilika kati ya miongo.

Sehemu yetu katika hesabu hii

Oktoba 2024 kitwitwi mwenye mdomo uliopinda alipandishwa daraja katika Orodha Nyekundu ya shirika la IUCN, kutoka aliyekaribia hatari hadi aliye hatarini. Ni rahisi kwa mkazi wa Kilifi, Rufiji au Pemba kuona kwamba mwisho wa ndege huyu unaandikwa mahali asikoweza kufika wala kuamuru. Hesabu ya lemingi inasema tofauti.

Ndege ambaye katika miaka mitatu huenda akapata mmoja tu mzuri wa kuzaa hawezi kutegemea uzazi wa kila mwaka. Anategemea maisha marefu. Kitwitwi huyu anaweza kuishi zaidi ya miaka kumi, na hiyo ndiyo bima yake: akivuka miaka miwili mibaya akiwa hai, wa tatu humlipa. Iwapo joto litafanya vilele vya lemingi viwe adimu, kila mwaka wa ziada wa ndege mkubwa utakuwa na thamani kubwa zaidi kuliko sasa. Na ndege mkubwa hukaa Taimyr wiki chache tu. Kuanzia Agosti hadi Aprili yuko kwetu, pamoja na vijana ambao hata Juni hawaondoki.

Kwa hiyo tope lisilo na mvuto kwa watalii, lile linaloonekana maji yakipwa nyuma ya mikoko, ndilo linaloamua kama ndege atafika kwenye mwaka mzuri unaofuata. Mida iko ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu. Eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu za dunia mwaka 2004, na delta ya Tana mwaka 2012. Kenya, Tanzania na Uganda zimejiunga na mkataba wa kulinda ndege wa maji wanaohama kati ya Afrika na Eurasia. Karatasi zipo. Kinachopungua ni mambo madogo ya kila siku: mahali pa kusimama wakati wa bamvua, bahari inapofunika tope lote na ndege wakahitaji ukingo mkavu usio na mbwa wala pikipiki, mikoko isiyokatwa kiholela, na vibali vya ujenzi vinavyosomwa kwanza na mtu anayejua nini kinaishi chini ya tope hilo.

Machi na Aprili ndiyo miezi ya kuangaliwa zaidi. Kitwitwi anayefukuzwa mara kwa mara wakati huo huchoma mafuta aliyokuwa akiyaweka, na anayeondoka bila akiba ya kutosha hufika Taimyr amechelewa, au hafiki. Hatuna uwezo wa kumwongezea lemingi hata mmoja. Kumwachia nafasi ya kula kwa utulivu katika wiki nane kabla ya safari kunawezekana kuanzia msimu ujao, na hakungoji makubaliano ya Moscow wala ya nchi yoyote ya mbali.